Lulu alikua, ni sisi tuliokataa

Wadau, leo sina kichekesho. Leo nataka tuongee, na ni ndefu kidogo, kwa hivyo kama uko kwenye foleni ya feri basi huu ndo wakati wa kusoma.

Mnaonifuata mwajua kwamba kwenye video zangu kuna mtoto mmoja. Ni mtoto wa dadangu, na huniita mama mdogo. Nilianza naye akiwa na miaka tisa, ndo yule anayetumwa dukani akarudi na chenji pungufu na hadithi ndefu. Mlimpenda. Yeye ndo aliyenifanya nijulikane kutoka Likoni hadi Kisauni na Changamwe, na nikisema ukweli, hata simu ninayoandikia hapa imelipwa na kichekesho chake.

Sasa ana miaka 13. Mwezi uliopita akanipigia mtu mwenye duka la madera, ataka tangazo. Masharti yake: mtoto avae dera, apakwe vipodozi, acheze bibi mdogo anayemringia mke mwenza. Nikamwambia huyu yuko gredi ya nane. Akacheka, akaniambia, "Si ashakuwa mkubwa huyo?"

Aibu yangu ni hii: sikukataa papo hapo. Nilimwambia nitamjibu, kisha nikakaa kitandani nikapiga hesabu ya pesa. Ni usiku ule ndo nikamkumbuka Lulu.

Kwa nyinyi mliozaliwa juzi juzi, hebu niwarudishe nyuma. Kabla ya bando za bei rahisi, sinema ya Kiswahili ilikuwa inaingia Likoni kwa basi. CD za Bongo Movie zatoka Dar, zapita Tanga, zavuka mpaka pale Horohoro na Lunga Lunga, hadi kwenye meza za wauzaji karibu na feri. Shilingi 50, na mara nyingi si orijino. Kwetu tulikuwa tukikaa mkekani, mamangu, dada zangu na majirani wawili watatu. Picha ikikwama, mtu aitoa CD, aipangusa kwa leso, twaendelea. Na sehemu ya kwanza ilikuwa lazima iishie pale pale penye utamu, ili kesho ukatafute ya pili.

Humo ndimo tulimojuana na Lulu. Jina lake ni Elizabeth Michael, mzaliwa wa Aprili 1995. Alianza kuigiza akiwa na miaka kama mitano katika Kaole Sanaa Group, lile kundi la Dar ambalo michezo yake ilikuwa ikionyeshwa ITV ya Tanzania. Anayetajwa kumwingiza ni Mahsein Awadh, mnayemjua kwa jina la Dkt. Cheni. Kaole ilikuwa chuo bila kuwa chuo. Humo walipita Steven Kanumba, Vincent Kigosi tunayemwita Ray, na Blandina Chagula tunayemwita Johari. Hakukuwa na darasa wala cheti, wewe wamwangalia mkubwa wako anavyofanya, nawe wafanya. Kwa mtu mzima hiyo yaweza kutosha. Kwa mtoto, maana yake ni kwamba kila anayekufunza kazi ni mtu mzima, anafanya mambo ya watu wazima, kwa saa za watu wazima.

Kisha biashara ikabadilika. Katikati ya miaka ya 2000 waigizaji wale wale wakahama kutoka michezo ya runinga wakaingia filamu za CD. Zilikuwa zikipigwa haraka, kwa pesa kidogo, na soko lilijulikana lataka nini: mapenzi, usaliti, machozi. Sasa fikiria wewe ni mtoto ndani ya soko hilo. Nafasi zako ni mbili tu. Ya kwanza, yatima anayeteswa na mama wa kambo. Ya pili, mpenzi wa mtu. Hapo katikati hapana kitu. Filamu ya msichana wa miaka 14 anayegombana na hesabu za darasani, anayeaibika kwa chunusi, anayetaka tu mamake amwachie acheze, hiyo nani atainunua?

Piga hesabu mwenyewe. Mwaka 2006 Lulu alikuwa na miaka 11. Mwaka 2011 alikuwa na 16. Katikati ya miaka hiyo mitano, bila ngazi yoyote, alitoka kuwa mtoto wa watu kwenye filamu akawa binti anayependwa. Magazeti ya udaku yakamfanya chakula, ameonekana wapi, na nani, amevaa nini. Nasi huku ng'ambo tulikuwa tukiyapokea yote. Nakumbuka jirani yetu mmoja akisema, "Huyu mtoto kaharibika," huku macho hayabanduki kwenye skrini. Hakuna aliyemwambia basi tusiangalie. Hata mimi sikusema, nilikuwa mdogo, tena nilikuwa nikitaka kusuka nywele kama zake.

Na Lulu hakuwa peke yake. Kanumba mwenyewe aliwaingiza watoto katika filamu kama Uncle JJ na This Is It, Hanifa Daudi na Othman Njaidi. Walicheza watoto, na walicheza vizuri mno. Lakini leo ukitaja Hanifa Daudi, wengi watakuuliza ni nani huyo. Sema "Jennifer wa Kanumba", kila mtu aruka. Hata huku kwetu Kenya, waliocheza Machachari ya Citizen wamekuwa watu wazima kabisa, lakini barabarani bado ni Govi na Baha. Mtoto akipendwa na watu wengi kwa jina moja, lile jina linabaki na umri ule ule. Yeye akikua, twaona kama ametuibia kitu.

Sasa tufike Aprili 2012. Usiku wa kuamkia Jumamosi, tarehe 7, wikendi ya Pasaka, Kanumba alifariki nyumbani kwake Sinza, Dar es Salaam, akiwa na miaka 28. Lulu alikuwepo. Akakamatwa, akashtakiwa kwa mauaji. Mazishi yalikuwa tarehe 10. Umati uliojaa Leaders Club na makaburi ya Kinondoni hata huku Likoni tuliuona, na mamangu alilia kama amefiwa na ndugu. Msiba ule ulikuwa wa kweli, na sitaki mtu aje hapa aseme naupunguza. Familia ilipoteza mtoto wao.

Nitakachosema ni kuhusu swali moja tu, lile lililotangulia mahakamani kabla hata ya kuulizwa nini kilitokea usiku ule: Lulu ana miaka mingapi? Mawakili wake walisema hajafika 18, na kwa hivyo kesi yake yastahili kusikilizwa kama ya mtoto. Upande wa mashtaka ukapinga. Sheria ya Mtoto ya Tanzania ya 2009 iko wazi, aliye chini ya miaka 18 ni mtoto. Lakini mabishano yalichukua miezi, na mitaani yalikuwa makali zaidi. Kwetu mkekani watu walisema, "Mtoto gani? Si tumemuona kwenye filamu?"

Hebu isome tena sentensi hiyo. Ushahidi wetu kwamba yule ni mtu mzima ulikuwa filamu. Watu wazima walimwandikia mapenzi, watu wazima wakampaka vipodozi, watu wazima wakamrekodi, nasi tukalipa shilingi 50. Kisha tukatumia picha ile ile kumwambia kwamba utoto wake umeisha. Kwenye kamera tulimharakisha akue. Mtaani, kila alipojaribu kuishi kama mtu mzima, tulimkemea kama mtoto. Na siku aliyohitaji kuitwa mtoto, ndo tukamkatalia.

Shtaka baadaye likabadilishwa kuwa kuua bila kukusudia, na Januari 2013 akatoka kwa dhamana. Mwaka huo huo akatoa filamu yake, Foolish Age. Umri wa ujinga, ndo jina alilochagua msichana wa miaka 18. Baadaye ikaja Mapenzi ya Mungu, na mwaka 2016 kule Lagos ikachukua tuzo ya AMVCA ya filamu bora ya Afrika Mashariki. Yaani yule mtoto wa Kaole alivuka. Alifika upande wa pili wa kazi yake kama mwigizaji mzima, huku kesi bado iko juu ya kichwa chake. Novemba 2017 Mahakama Kuu ikamtia hatiani, miaka miwili jela. Mei 2018 akatoka, kilichobaki cha adhabu kikageuzwa kuwa huduma kwa jamii. Mahakama ilishasema yake na mimi si hakimu. Mimi nasema yetu sisi watazamaji.

Kuna atakayenijibu kwamba hayo ni ya Afrika, kule Marekani mambo yako sawa. Hayakuwa sawa. Mwaka 1921 Charlie Chaplin alitoa The Kid, na ndani yake kulikuwa na mtoto anaitwa Jackie Coogan. Dunia nzima ilimpenda, akaingiza mamilioni ya dola. Alipofika miaka 21, mwaka 1935, akaenda kudai pesa zake, akakuta mamake na baba wa kambo wamezitumia. Mwaka 1938 akawashtaki. Alichopata ni kama dola 126,000 tu. Ila kelele yake ilizaa sheria. Mwaka 1939 jimbo la California likaamuru sehemu ya mapato ya mtoto mwigizaji iwekwe kando mpaka akue. Kwa hivyo si kwamba wenzetu wana roho nzuri kuliko sisi. Waliumiza mtoto wa watu kwanza, ndo wakaandika sheria.

Na kuna mfano wa hapa hapa Kenya. Lupita Nyong'o alicheza Juliet jukwaani Nairobi na Phoenix Players akiwa na miaka 14. Juliet ni mpenzi, tena mpenzi mkubwa kuliko wote. Lakini baada ya pale alirudi shule. Akasoma, akafanya kazi nyuma ya kamera, akatokea kwenye Shuga mwaka 2009, akaenda Yale kusomea uigizaji, na Oscar akaipata Machi 2014, akiwa amefikisha miaka 31. Kutoka 14 hadi 31 ni miaka 17. Alipewa nafasi ya kukua bila sisi kumtazama. Najua mtasema kwao kulikuwa na uwezo, na ni kweli kabisa. Ndo maana nasema nafasi hiyo isiwe ya wenye uwezo peke yao. Mtoto wa Shika Adabu au wa Mlaleo pia astahili miaka ambayo hakuna anayempiga picha.

Sisemi watoto wasiigize. Mwaka 2018 Stycie Waweru alibeba filamu nzima, Supa Modo ya Likarion Wainaina, akiwa mtoto, akicheza mtoto, na filamu ile ikafika tamasha la Berlin. Pia sisemi pesa ni haramu. Nyumba nyingi huku bara letu la Mombasa, mtoto akileta elfu mbili, hiyo ni unga na nauli ya wiki. Naijua hesabu hiyo, nimeipiga mwenyewe kitandani.

Nilichofanya ni hiki. Nilimpigia mwenye madera nikamwambia hapana. Akaniambia watoto wako wengi, atapata mwingine, na nadhani atapata. Kisha nikakaa na dadangu, tukaangalia video zote za miaka minne, tukahesabu zimeleta ngapi. Sikuwa nimemwekea mtoto hata senti. Hilo lilikuwa gumu kumwambia dadangu usoni. Tumefungua akaunti ya benki kwa ajili ya mtoto, na nitakuwa nalipa deni lile kidogo kidogo, kila mwezi.

Halafu tukamuuliza mwenyewe, jambo ambalo sikuwahi kulifanya. Nilidhani atataka kuacha. Akanyamaza, akasema, "Mama mdogo, mimi napenda kuigiza. Lakini nimechoka kuwa yule wa chenji. Na pia sitaki kuwa bibi ya mtu." Nikamuuliza basi wataka kuwa nani? Akainua mabega. Hajui. Ana miaka 13, atajuaje?

Kwa hivyo hamtamuona mpaka amalize gredi ya tisa. Akitaka kurudi, tutaandika pamoja kitu cha umri wake. Asipotaka, basi. Siku mkikutana naye kwenye feri, msimwambie "eh, umekuwa mkubwa" huku mkimpima kwa macho. Muulizeni jina lake. Hajaitwa kwa jina lake na wageni muda mrefu.

Nyinyi mwaonaje? Hasa nyinyi mnaofanya video na watoto wenu. Leo nitasoma kila jibu.