Mchango Usio na Kufuli: Miaka 10 Baada ya Kesi ya Mchezo wa Atlantic City

Juni 2025 ilitimia miaka 10 tangu Tume ya Biashara ya Shirikisho ya Marekani, FTC, ifungue kesi yake ya kwanza dhidi ya mtu aliyechangisha umma kwenye intaneti kisha akashindwa kutimiza ahadi. Hakuwa amechangishia hospitali wala kisima. Alichangishia mchezo wa mezani, wa ubao na vinyago vidogo vya metali, na watu 1,246 walimtumia fedha kabla hata boksi moja halijachapwa.

Kwa mtu wa Swima au Baraka, huku Fizi, mashariki mwa Kongo, jambo hilo linaweza kuonekana la mbali, lakini kuchangishana si kazi ya kufundishwa na mgeni. Tuna vikundi vyetu vya akiba: tuna likelemba, tuna muso, tuna avec. Aliyewahi kuhudhuria kikao cha avec anajua utaratibu: sanduku la chuma linawekwa katikati, lina kufuli tatu, funguo ziko kwa watu watatu, na anayelaza sanduku nyumbani kwake hana ufunguo hata mmoja. Fedha zinahesabiwa kwa sauti, hisa zinapigwa muhuri kwenye kitabu cha mwanachama, na sanduku linafungwa mbele ya macho ya wote. Mtu akikopa asirudishe, kila mmoja anajua anaishi nyumba gani na mama yake anauza dagaa kwenye meza ipi.

Mchango wa intaneti uliokuja kuwa tegemeo la watunga michezo ulikuwa na ufunguo mmoja tu, na ufunguo huo aliukamata mwenye kampeni.

Kabla ya hapo, mtunga mchezo aliyetaka kujichapishia alikuwa na njia mbili: akope, au auze wazo lake kwa kampuni kubwa na kupokea atakachopewa. Elizabeth Magie wa Marekani alipata hataza ya mchezo wake wa wamiliki wa ardhi mwaka 1904. Mchezo huo ndio uliozaa Monopoly, na kampuni ya Parker Brothers ilipoununua mwaka 1935 inasimuliwa kwamba yeye aliambulia dola 500. Mwenzake wa nchi hiyo hiyo, William Julius Champion, alichukua mchezo wa mashimo na kete, ambao Warundi na Wanyarwanda wanauita igisoro, Waganda omweso na watu wa pwani bao, akaurahisisha, akauita Kalah, na miaka ya 1950 akaupatia hataza. Hakuna mzee wa Maziwa Makuu aliyeulizwa.

Aliyekopa ni Leslie Scott, na huyu anatuhusu zaidi ya tunavyokumbuka. Alizaliwa Tanganyika mwaka 1955 kwa wazazi Waingereza, akakulia Afrika Mashariki akisema Kiswahili. Miaka ya 1970 familia yake ilikuwa Ghana, na huko ndiko walikozoea kucheza na vipande vya mbao vilivyotoka kiwanda cha mbao cha Takoradi: unapanga mnara, unachomoa kipande chini, unakiweka juu, na atakayeuangusha ndiye ameshindwa. Baadaye, akiwa Oxford, Scott aliamua kuutoa mwenyewe. Seti za kwanza zilitengenezwa na jumuiya ya Camphill huko Botton, Yorkshire, mahali ambapo watu wenye ulemavu wa akili huishi na kufanya kazi pamoja na wengine. Januari 1983 aliupeleka kwenye Maonyesho ya Vinyago ya London, ukiwa na vipande 54 na jina la Kiswahili: Jenga.

Haukuuzika kama alivyotarajia. Alikuwa amekopa benki, na deni likazidi kupanda huku maboksi yakikaa. Kilichomwokoa ni Irwin Toy ya Kanada, kisha Hasbro, walioingiza mchezo kwenye maduka ya Amerika Kaskazini. Wakubwa wa biashara walitaka jina libadilishwe kwa kuwa mnunuzi wa kule asingelielewa. Scott alikataa katakata, na mimi namshukuru kwa ukaidi ule. Mwaka 2020 Jenga iliingizwa kwenye Jumba la Heshima la Vinyago la Marekani. Huku kwetu, mtoto anayeijua anaijua kutoka kwenye simu, na hajui kwamba jina lake analitamka kila siku akiona fundi na matofali.

Aprili 2009 Kickstarter, tovuti ya kuchangisha umma, ilifunguliwa New York. Utaratibu wake ni mwepesi kueleza. Unataja kiasi unachohitaji na siku ya mwisho, isiyozidi siku 60. Ukifikia kiasi, unapewa zote, tovuti ikikata asilimia 5 pamoja na ada ya malipo. Usipofikia, hakuna anayekatwa hata senti. Mchango hauleti hisa katika biashara, unaleta ahadi ya bidhaa, na watunga michezo ndio walioishika ahadi hiyo kwa mikono miwili. Kiwanda cha Uchina hakiwashi mashine kwa ajili ya maboksi 20. Kinataka oda ya mamia au maelfu, na sehemu ya fedha mbele. Mwaka 2010 kampeni ya mchezo wa Alien Frontiers ilionyesha kwamba wachezaji wako tayari kulipia oda hiyo wenyewe, na tangu hapo mlango haukufungwa.

Turudi sasa kwenye kesi tuliyoanza nayo, ya mchezo uitwao The Doom That Came to Atlantic City.

Waliouunda ni Keith Baker, mtunzi aliyekwisha kujijengea jina kwenye michezo ya kuigiza wahusika, na mchoraji Lee Moyer. Ulikuwa wa kuikejeli Monopoly. Atlantic City ndio mji uliotoa majina ya mitaa kwenye ubao wa Monopoly ya Marekani, na wao walimgeuza mchezaji kuwa zimwi la kale linaloubomoa mji huo nyumba baada ya nyumba. Aliyebeba kazi ya kuuchapisha ni Erik Chevalier, kwa kampuni aliyoiita The Forking Path. Mei 2012 alifungua kampeni Kickstarter akiomba dola 35,000. Alipata 122,874.

Hapo ndipo wengi huanza kusherehekea, na hapo ndipo hatari inapoanzia. Fedha zikizidi, mwenye kampeni huongeza ahadi, na kila ahadi ina uzito wake kwenye mizani ya posta. Waliotoa dola 75 au zaidi waliahidiwa boksi la mchezo pamoja na vinyago vya metali vya mazimwi yale. Miezi ikapita. Taarifa zilikuja kwamba kazi inaendelea, kisha kwamba kuna kuchelewa kidogo. Julai 2013, miezi 14 tangu kampeni ifunguliwe, Chevalier aliandika kwamba mradi umekufa. Alitaja makosa yake ya ugeni katika biashara ya michezo, mivutano ya watu, matatizo ya sheria na ya ufundi, akaahidi kurudisha fedha za kila mtu.

Wachangiaji waliwaka. Baker na Moyer, ambao majina yao ndiyo yaliyowavuta watu, walijikuta wakitukanwa kwa jambo ambalo wao pia liliwaumiza, maana kwa maelezo yao hawakuwa wamelipwa. Chevalier alieleza kwamba alikuwa na nia ya kujenga kampuni. FTC ilipofungua jalada ilieleza kwa lugha nyingine: kwamba sehemu kubwa ya fedha ilikwenda kwenye kodi ya nyumba, gharama za kuhamia Oregon, vifaa vyake binafsi na leseni za mradi mwingine kabisa.

Haikuwa kesi ya jinai na hakuna aliyefungwa. Juni 2015 pande mbili zilifikia suluhu. Chevalier alikatazwa kudanganya katika kampeni yoyote ijayo na kukataa kurudisha fedha za watu pale anapoahidi. Aliandikiwa deni la dola 111,793.71, kisha malipo yakasitishwa kwa kuwa hana uwezo wa kulipa. Wachangiaji hawakupata senti kutoka kwenye karatasi ile. Waliopata kitu waliokolewa na mshindani: kampuni ya Cryptozoic ilikuwa imeuchukua mchezo tangu Julai 2013, ikauchapa na kuwagawia nakala waliokuwa wamekwisha kulipa. Ni wema ambao haukulazimishwa na mahakama yoyote, na nadhani FTC inapata sifa nyingi mno katika kisa hiki ukilinganisha na wale waliopeleka maboksi.

Fedha hazikukauka kwa sababu ya kisa hicho. Mapema mwaka huo huo wa 2015, mchezo wa karata Exploding Kittens uliomba dola 10,000 na kukusanya zaidi ya milioni 8 kutoka kwa watu 219,382. Mchezo wa Frosthaven ulikaribia milioni 13 mwaka 2020. Aprili 2025 ushuru wa Marekani kwa bidhaa za Uchina ulipanda hadi asilimia 145, na wachapishaji wadogo waliokwisha kula michango ya watu wakajikuta mizigo yao ikidaiwa forodhani zaidi ya thamani yake.

Na sisi? Kickstarter inapokea wenye kampeni kutoka nchi zipatazo 25, na hakuna hata moja ya Afrika. Kijana wa Swima anaweza kuchangia mchezo wa mtu wa Chicago akiwa na kadi ya benki, lakini hawezi kuomba mchango kwa mchezo wake. Kenya wana M-Changa tangu mwaka 2012, inayopokea M-Pesa, ingawa wengi huitumia kwa matibabu, karo na misiba. Huku tuna M-Pesa na Airtel Money, tuna mafundi seremala, tuna wazee wanaojua michezo ya kete isiyoandikwa popote, na wizara inayosimamia utamaduni haijawahi kuonyesha kwamba jambo hilo linaihusu.

Njia iliyobaki ni ndugu wa ng'ambo. Fizi imetoa wakimbizi wengi waliopitia kambi ya Nyarugusu, Kigoma, wakapokelewa Marekani na Kanada, na mmoja wao anaweza kufungua kampeni kwa jina lake, kitambulisho chake na akaunti yake. Maana yake ni kwamba sheria ikija, itabisha mlangoni kwake, si Swima. Kabla hajakubali, na aulize mambo mawili: nani mwingine atashika ufunguo wa akaunti, na nauli ya boksi kutoka bandari ya Dar es Salaam, kwa reli hadi Kigoma na kwa boti hadi Baraka, imejumlishwa kwenye kiasi kinachoombwa au imesahauliwa.