Gari la Baba Mdogo na Umeme wa Mto Rusizi

Likizo iliyopita baba mdogo, ambaye hununua mchele Bugarama na kuuuza Kamembe, aliniita akaniuliza swali ambalo sijawahi kuulizwa darasani. Gari lake la dizeli limechoka. Amesikia kwamba gari la umeme halitozwi ushuru, na vijana wa mtaani wanamwambia halichafui hewa. "Wewe unasoma historia," alisema, "niambie kama ni kweli." Nilicheka, nikadhani alimhitaji fundi. Baadaye niliona kwamba hakukosea mlango.

Jambo la kwanza nililomwambia ni kwamba gari la umeme si kitu kipya. Mwaka 1899 Mbelgiji mmoja, Camille Jenatzy, aliendesha gari la umeme kwa kasi ya zaidi ya kilomita 100 kwa saa, na hakuna gari la aina yoyote lililokuwa limefika hapo kabla yake. Lakini petroli ikawa rahisi, betri zikabaki nzito, na injini ya mafuta ikashinda. Kwa hiyo Wabelgiji walipoitwaa Rwanda mwaka 1916, magari yaliyowafuata hayakuwa ya Jenatzy. Tulirithi gari linalokunywa kitu tusichokuwa nacho. Mpaka leo mafuta yetu hupanda kwa malori kutoka Dar es Salaam na Mombasa. Vita vya Uganda na Tanzania vya 1978 na 1979 vilipofunga njia ya kaskazini, Rwanda ilionja uhaba ambao wazee wa hapa bado wanausimulia.

Umeme, kinyume chake, ulizaliwa mlangoni petu. Mto Rusizi unatoka Ziwa Kivu kati ya Bukavu na Kamembe, kisha unaporomoka kuelekea Ziwa Tanganyika. Wabelgiji walijenga hapo bwawa la Ruzizi I mwishoni mwa miaka ya 1950. Mwaka 1976 Rwanda, Burundi na Zaire ziliunda Jumuiya ya Kiuchumi ya Nchi za Maziwa Makuu, ile CEPGL, na mwaka 1989 bwawa la pili, Ruzizi II, likaanza kazi chini ya kampuni ya pamoja ya nchi tatu, SINELAC. Kwa maoni yangu hili halijapewa nafasi inayostahili katika vitabu vyetu. Nchi hizi zimepigana na kununiana mara ngapi, na bado zimegawana maji ya mto mmoja.

Kama hadithi ingeishia hapo, ningemwambia baba mdogo anunue siku hiyohiyo. Haikuishia hapo. Mwaka 2004 mabwawa ya Ntaruka na Mukungwa, kaskazini, yalikosa maji ya kutosha. Mvua zilikuwa chache, lakini pia kinamasi cha Rugezi kilikuwa kimekaushwa kwa mifereji ili watu walime, na Ziwa Burera likashuka. Serikali ikalazimika kukodi majenereta ya dizeli. Gari la umeme lingekuwapo Kigali mwaka ule, sehemu ya umeme wake ingetoka kwenye dizeli ileile.

Hata wilayani kwetu, kule Gishoma, kulijengwa kiwanda cha megawati 15 cha kuchoma nyiramugengeri, udongo mweusi wa kinamasi uliotokana na mimea iliyooza kwa maelfu ya miaka. Kuichoma hutoa hewa ya ukaa nyingi kama makaa ya mawe, au zaidi. Upande wa Karongi, mradi wa KivuWatt umekuwa ukizalisha megawati 26 kwa gesi ya methani ya ziwani tangu 2016. Hiyo nayo huchomwa, ingawa gesi hiyo ikiachwa ijikusanye ziwani ni hatari kwa wote tunaoishi ufukweni.

Hapo baba mdogo akanikatiza: "Basi hao vijana wamenidanganya?" Hapana. Injini ya mafuta hupoteza sehemu kubwa ya nishati yake kama joto tu, wakati mota ya umeme huigeuza nyingi kuwa mwendo. Na kwa kuwa maji bado ni nguzo kubwa ya umeme wetu, gari la umeme hapa huchafua kidogo kuliko la dizeli. Moshi wake, kama upo, uko kwenye viwanda vya umeme. Hauko puani mwa wanafunzi wanaotembea kando ya barabara.

Likabaki suala la mfuko. Mwaka 2019 Volkswagen na Siemens walileta Kigali magari machache ya e-Golf kwa majaribio, na mwaka uleule pikipiki za umeme za Ampersand zikaanza kubeba abiria. Aprili 2021 Baraza la Mawaziri liliondoa ushuru na kodi ya ongezeko la thamani kwa magari ya umeme, likapunguza pia bei ya umeme wa kuchajia. Magari mseto, yenye injini na betri pamoja, nayo yalinufaika, lakini tangu Julai 2025 yamerudishiwa kodi. Na sisi huendesha upande wa kulia, kwa hiyo magari yaliyotumika ya Japani, yanayouzwa kwa bei nafuu Dar es Salaam, hayatufai.

Nilimuuliza anakwenda wapi hasa. Bugarama na kurudi, karibu kila siku. Kigali mara mbili kwa mwezi, kupitia Nyungwe, zaidi ya mita 2,000 juu ya usawa wa bahari. Kwa Bugarama gari la umeme linafaa kabisa: likiteremka, mota hurudisha umeme kidogo kwenye betri. Tatizo ni kwamba linateremka tupu na kupanda na magunia, na mlima ule hauna huruma. Nyungwe ndiyo inayomtisha zaidi, kwa sababu vituo vya kuchaji vilianzia Kigali, na usiku msituni hakuna wa kumwomba soketi.

Nilimshauri anunue la umeme, na Kigali aende kwa basi. Alinyamaza kidogo, kisha akauliza betri mpya inagharimu faranga ngapi, na kama miaka minane ijayo mto utakuwa na maji haya haya. La betri nimeahidi kumtafutia jibu. Kwa la mto, nimeanza na Rugezi.