Upokeaji wa polaraizesheni ya mviringo

Satelaiti za hali ya hewa za Urusi, Meteor-M, hurusha picha karibu na megahezi 137 kwa polaraizesheni ya mviringo wa kulia: uga wa umeme huzunguka kadiri wimbi linavyosonga, hivyo mkao wa satelaiti angani haumsumbui sana mpokeaji. Wengi hudhani mpenzi wa redio lazima aunde antena ya helisi yenye nyaya nne. Si lazima. Dipoli ya umbo la V, yenye mikono ya sentimita 53 hivi, kinadharia hupoteza desibeli 3, yaani nusu ya nguvu, lakini satelaiti ikipita juu picha bado hutoka safi. Mpinzani atataja mawimbi yanayoakisiwa ardhini; ana hoja, kwani wimbi likiakisiwa aghalabu hugeuza upande wa mzunguko, na helisi hulipunguza. Lakini helisi iliyosokotwa kinyume, kosa rahisi mno kufanya, hupoteza zaidi kuliko dipoli yenyewe.