Naitrojeni, umeme na shimo la choo

Ukitoka Singida mjini kwenda Nzega kwa barabara kuu, Iguguno ndipo inapochepuka njia ya Nduguti, makao makuu ya Wilaya ya Mkalama. Ni mji mdogo wa maduka, alizeti na mvua ya msimu mmoja. Kama ilivyo kwa miji midogo mingi nchini, choo cha hapa ni shimo, na maji mengi ya kunywa yanatoka ardhini. Vitu hivyo viwili vinaishi jirani. Kinachopita kati yao ni naitrojeni, na ina historia ndefu kuliko tunavyodhani.

Naitrojeni nyingi inayotoka mwilini mwa binadamu iko kwenye mkojo. Ikifika shimoni inageuka amonia, ile harufu inayochoma macho. Baada ya hapo hufuata nini? Mwaka 1877 Wafaransa wawili, Schloesing na Müntz, walipitisha majitaka polepole kwenye bomba lililojaa mchanga na chokaa. Kwa takriban siku 20 hakikutokea kitu. Kisha amonia ikaanza kupotea na naitreti ikatokea upande wa pili. Wakapitisha mvuke wa klorofomu, kazi ikasimama. Basi wakajua kuwa mchanga wenyewe haukuwa ukifanya lolote, kulikuwa na viumbe hai ndani yake. Mwaka 1890 Sergei Winogradsky akafanikiwa kuwatenga bakteria hao. Wakati huohuo, kule Bordeaux, Gayon na Dupetit walikuwa wameonyesha nusu ya pili ya kazi: pasipo na hewa, bakteria wengine huivunja naitreti na kuirudisha angani kama gesi isiyo na madhara.

Kwa hiyo kufikia mwisho wa karne ya 19 elimu ya msingi ilikuwa mezani. Hatua ya kwanza inataka oksijeni. Ya pili inataka kukosekana kwa oksijeni, pamoja na chakula chenye kaboni cha kuwalisha bakteria.

Mwaka 1914, Manchester, Ardern na Lockett walipuliza hewa ndani ya majitaka na kulitunza tope lililobaki badala ya kulimwaga. Tope hilo lilikuwa limejaa bakteria, na kila mzunguko lilisafisha haraka zaidi. Miji mikubwa ya dunia ikaiga. Lakini hewa haijipulizi yenyewe. Kugeuza kilo moja ya naitrojeni ya amonia kuwa naitreti kunahitaji zaidi ya kilo nne za oksijeni, na katika mitambo ya aina hii kupuliza hewa mara nyingi hula karibu nusu ya umeme wote. Kwa nchi tajiri hiyo ni bili. Kwa mji ambao umeme wake unakatika, ni mtambo uliosimama na majitaka yanayopita yalivyo.

Njia ya mkato ilionekana kwanza kwenye karatasi. Mwaka 1977, Engelbert Broda wa Vienna alipiga hesabu za nishati akasema lazima kuna bakteria wanaoweza kuunganisha amonia na naitraiti moja kwa moja kuwa gesi ya naitrojeni, bila oksijeni. Hakuna aliyekuwa amewaona. Mwaka 1995 Arnold Mulder na wenzake wakachapisha ushahidi kutoka mtambo wa majitaka wa kiwanda cha hamira mjini Delft, Uholanzi, ambako amonia ilikuwa ikipotea pasipo na hewa. Wakaita anamoksi. Mwaka 2002 mtambo mkubwa wa kwanza ukawashwa Rotterdam. Hapa ni nusu tu ya amonia inayohitaji kupulizwa hewa, tena inaishia kwenye naitraiti, hivyo oksijeni inayohitajika inapungua kwa takriban asilimia 60. Bakteria hawa ni wavivu wa kuzaana, lakini wanapenda joto. Na joto, jamani, sisi tunalo.

Hata hivyo, huku kwetu historia ilifuata njia nyingine: mabwawa. Majitaka yanatulia juani, mwani unatoa oksijeni bure, bakteria wanafanya kazi bila pampu. Kwenye mabwawa ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, watafiti Senzia, Mashauri na Mayo walichunguza naitrojeni inavyopotea, na mwaka 2003 wakachapisha matokeo yaliyolinganisha mabwawa na vitanda vya changarawe vilivyopandwa matete. Kwenye matete, karibu nusu ya naitrojeni iliondoka, na sehemu kubwa ilipaa kama gesi kwa kazi ya bakteria. Mmea ulinyonya kidogo tu. Kampala nako, Kansiime na Nalubega walipima mwaka 1999 jinsi mafunjo ya Nakivubo yanavyosafisha maji ya jiji, huku mashamba ya magimbi yakiula ukingo wa kinamasi hichohicho.

Bei ya mabwawa ni ardhi. Iguguno ardhi ipo, kwa sasa. Kinachokosekana ni maji ya kusukuma uchafu mpaka bwawani. Kwa hiyo shimo litaendelea kuwepo, na shimo hufanya nusu ya kwanza ya kazi bure: kwenye udongo mkavu wenye hewa, amonia hugeuka naitreti. Nusu ya pili haifanyiki ipasavyo, maana chini huko hewa bado ipo na kaboni ni haba. Naitreti inashuka na maji ya mvua kuelekea kisimani. Mwaka 1996 Hudson Nkotagu alionyesha kwamba naitreti nyingi kwenye maji ya chini ya Dodoma ilitokana hasa na majitaka. Dodoma ni jirani wa Singida, na ukame wao ni mmoja. Shirika la Afya Duniani linaweka ukomo wa miligramu 50 kwa lita kwa sababu ya watoto wachanga: naitreti ikizidi, damu yao inashindwa kubeba oksijeni.

Kuna jambo jingine linalonisumbua zaidi. Tangu 1913, kiwanda cha Oppau nchini Ujerumani kilipoanza, dunia inatumia nishati nyingi kuivuta naitrojeni kutoka hewani iwe mbolea. Kisha inatumia umeme mwingine kuirudisha hewani kutoka kwenye majitaka. Mkulima wa Mkalama anasimama katikati. Mfuko wa yurea haununui kirahisi, na yurea ileile inapotelea chini ya choo chake, kuelekea kwenye maji ya mwanawe.

Mji ukiwa mdogo, uamuzi bado ni rahisi: visima vichimbwe wapi, vyoo wapi, magari ya kunyonya yamwage wapi, mkojo utenganishwe upelekwe shambani au la. Dodoma ilipimwa ikiwa imeshajengwa. Iguguno bado inajengwa.