Babu Yako Alisoma Komiki, Acha Kudanganywa

Juzi nilikuwa kwa kinyozi hapa Kapseret, nangoja zamu yangu, nasoma komiki kwenye simu. Mzee mmoja aliyekaa kando yangu akachungulia. Nikajiandaa kwa yale mahubiri tunayoyajua: vijana wa siku hizi, simu, muda unapotea. Badala yake akauliza, "Kijana, hiyo yako ina Lemmy?"

Lemmy gani sasa?

Akacheka mpaka kinyozi akazima mashine. Kisha akaanza kunihadithia kuhusu Spear, na wasee, sikutaka zamu yangu ifike.

Kama hujui, Spear ni Lance Spearman, mpelelezi mweusi wa jarida la African Film. Lilitolewa na kampuni ya Drum ya Jim Bailey wa Afrika Kusini, na mwishoni mwa miaka ya 1960 lilikuwa linasomwa kuanzia Nairobi mpaka Lagos. Halikuchorwa. Zilikuwa picha za kamera, zimepangwa kama katuni, maneno ndani ya viputo. Spear alivaa kofia ya panama na tai ya kipepeo, sigara nene mdomoni, akiendesha Corvette. Lemmy ndiye kijana aliyekuwa akimsaidia. Na jamaa aliyeigiza Spear, Jore Mkwanazi, kabla ya hapo alikuwa mfanyakazi wa nyumba na mpiga piano wa vilabu vya usiku.

Sasa jiweke kwenye viatu vya kijana wa wakati ule, kama anavyo. Kenya imepata uhuru 1963. Kwenye sinema, jasusi mwenye suti na gari kali ni mzungu. Halafu unafungua jarida, unakuta mtu anayefanana na wewe anawapiga majambazi bila kumuuliza bwana mkubwa yeyote ruhusa. Mzee aliniambia walikuwa wanaazimana nakala moja mpaka kurasa zinalegea. Asiyejua Kiingereza alisomewa na anayejua.

Kule Dar es Salaam watu hawakungoja kusomewa. Faraji Katalambulla, mwandishi wa Simu ya Kifo, aliichukua mbinu hiyohiyo ya picha akatoa jarida la Film Tanzania kwa Kiswahili. Mwaka 1974 Elvis Musiba akaja na Kufa na Kupona, na jasusi wake Willy Gamba. Hapa kwetu David Maillu alikuwa anajichapishia vitabu Nairobi kupitia Comb Books. My Dear Bottle ilitoka 1973, After 4:30 ikafuata 1974. Wasomi walikunja sura. Tanzania ilivipiga marufuku vitabu vyake 1976. Watu waliendelea kununua.

Kwa hivyo ukisikia mtu akisema ati Waafrika hawasomi, mwambie apunguze. Walisoma. Shida ni kwamba walichosoma kiliitwa upuzi, na upuzi hauhesabiwi.

Sisemi vilikuwa visafi. Spear alikunywa wiski kama maji, na wanawake kwenye hadithi nyingi za wakati ule walikuwa pambo tu. Maillu naye, usimsomee shosho yako kwa sauti. Lakini kulaumu kitabu ni jambo moja. Kusema hakistahili hata kutunzwa ni jambo lingine kabisa.

Na hata kile kilichosifiwa hakikudumu. Mwaka 1973, Hilary Ng'weno, jamaa aliyesoma fizikia Harvard kisha akawa mhariri, alianzisha jarida la Joe pamoja na mchoraji Terry Hirst. Joe alikuwa mwananchi wa kawaida wa Nairobi, anayecheka kwa sababu mbadala wake ni kulia. Ndani yake kulikuwa na katuni, vichekesho na hadithi fupi. Mwaka 1979 likaisha. Leo ukitaka kuliona, itabidi utafute mtu aliyehifadhi, au uwe karibu na maktaba ya watafiti.

Mchoraji Frank Odoi, mzaliwa wa Ghana aliyefanya kazi yake hapa Kenya, alituundia Akokhan, shujaa wa nguvu za kiafrika, miaka mingi kabla dunia ishangilie Black Panther kwenye sinema. Odoi alifariki 2012 kwenye ajali ya matatu Nairobi. Uliza wenzako kumi kama wanamjua. Mimi niliuliza. Nilipata sifuri.

Kuna kitu kingine kinanikera. Shujaaz ilipoanza 2010, kwa Sheng, bure, ikiwekwa ndani ya gazeti na kugawanywa kwenye vibanda vya M-Pesa, tuliipenda ile mbaya. Boyie na redio yake ya siri chumbani, nani hakutaka kuwa yeye? Ilishinda Emmy ya kimataifa 2012 na 2014. Lakini angalia: katikati ya hadithi unafundishwa kufuga kuku, kupanda mbegu, kuweka akiba. Sichukii, kuna watu ilisaidia. Ila ni kama sisi tunaruhusiwa kufurahi tu kukiwa na somo ndani. Mtoto wa kwingine anasoma kuhusu buibui anayeruka maghorofa na hakuna anayemuuliza amejifunza nini.

Mimi naulizwa kila siku. Tangu niache chuo, mama akinikuta nacheka na simu anasema, "Hivyo vikatuni ndivyo vitakulisha?" Sina jibu zuri. Ninachojua ni kwamba mzee wa kinyozi amesahau mengi ya darasani, ila Lemmy hajamsahau.

Wanuri Kahiu alitoa Pumzi mwaka 2009, filamu fupi ya kisayansi ya dakika ishirini hivi. Dunia imekauka baada ya vita vya maji, watu wanaishi kwa kufungiwa ndani, na hata ndoto zinazuiwa kwa vidonge. Shujaa wake, Asha, anafanya kazi kwenye jumba la makumbusho. Nikiitazama siku hizi nawaza, makumbusho ya vicheko vyetu iko wapi?

Turudi kwa mzee. Nilimuuliza nakala zake ziko wapi. Akasema mama yake aliwashia jiko, na hakukasirika, kwa sababu hata yeye aliamini ni takataka. Kisha akaniambia kuna toleo moja ambalo lilimfikia likiwa limechanwa ukurasa wa mwisho. Spear amefungwa kamba, Rabon Zollo anacheka, halafu basi. Zaidi ya miaka hamsini sasa, hajui Spear alitokaje.

"Wewe una intaneti," akaniambia. "Nitafutie."

Nimetafuta. Nimepata majalada, vipande vya kurasa, watu wa mbali wakiuziana. Toleo lake bado.

Kwa hivyo naomba hivi. Ukienda ocha, angalia chini ya kitanda cha babu, ndani ya lile sanduku la bati, juu ya dari. Ukipata Spear, Joe, Film Tanzania, chochote, usiwashe jiko nacho. Piga picha kila ukurasa, hasa wa mwisho. Kuna mtu Kapseret anangoja.