Mizani Kwanza: Somo Kutoka kwa Wajaza Risasi wa Marekani

Mkulima mmoja mwenye bunduki ya kufukuzia nguruwe pori aliniuliza kama anaweza kuagiza mashine ya mkono ya kujaza tena maganda ya risasi, kama zile alizoona kwenye video za Wamarekani. Jibu la kisheria ni fupi: hapa Tanzania usijaribu. Chini ya Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015, huwezi kutengeneza risasi bila leseni. Ila historia ya mashine zile ina somo kwako wewe mwenye mizani, bomba la dawa au mashine ya kukamua alizeti.

Zilianzaje?

Risasi ina sehemu nne: ganda, fataki, baruti na kichwa. Ukishafyatua, ganda la shaba hubaki. Mnamo 1866 Mmarekani Hiram Berdan na Mwingereza Edward Boxer walibuni fataki, kila mmoja ya kwake. Ile ya Boxer ilikaa kwenye ganda lenye tundu moja katikati, kwa hiyo ilitoka kirahisi kwa kusukumwa na pini. Ajabu ni kwamba ya Mwingereza ndiyo iliyoshika Marekani, na ya Mmarekani ikashika Ulaya. Hivyo Wamarekani wakapata ganda rahisi kutumia tena.

Wawindaji wa nyati wa miaka ya 1870 walijaza maganda kambini usiku, kwa sababu maduka yalikuwa mbali. Mwaka 1884 John Barlow alianzisha kampuni ya Ideal huko Connecticut, akauza kifaa mfano wa koleo ambacho mtu aliweza kusafiri nacho. Mwaka 1943, wakati wa vita, risasi za kiraia zilipoadimika, Fred Huntington wa Oroville, California, alianza kutengeneza vifaa vyake nyuma ya dobi la familia. Hapo ndipo ilipozaliwa kampuni ya RCBS.

Kibaba kilipokuwa hatari

Baruti nyeusi ya zamani ilipimwa kwa kibaba. Mwaka 1884 Mfaransa Paul Vieille akagundua baruti isiyotoa moshi mwingi, yenye nguvu zaidi kwa uzito uleule. Aliyejaza hiyo mpya kwa kibaba cha zamani aliweza kupasukiwa na bunduki usoni. Mkono ulikuwa uleule na kibaba kilekile, lakini kinachopimwa kilikuwa kimebadilika. Tangu hapo mizani ikawa na heshima mezani.

Wajazaji wakajifunza kutunza vifaa. Ganda lenye mchanga hukwaruza kalibu ya chuma. Ganda kavu lisilopakwa mafuta hunasa ndani ya kalibu, na kulitoa ni kazi ya kutoboa kwa keekee. Mafuta yakizidi nayo hubonyeza ganda. Baruti haiachwi ndani ya kipimio, maana kesho utasahau ni ya aina gani. Na kabla ya kuanza, mizani huwekwa mahali tambarare pasipo upepo, ikajaribiwa kwa jiwe la uzito unaojulikana. Mwenye busara hafanyi hivyo baada ya kazi, hufanya kabla.

Mimi nililipa ada

Msimu mmoja wa mahindi nilisimamia upimaji kijijini. Mwenyekiti akauliza, "Bwana shamba, mizani iko sawa?" Nikajibu iko sawa, kwa kuiangalia tu. Mchana mama mmoja akasema gunia lake limepungua kilo tatu na lile alilopima nyumbani. Watu wakamcheka. Tulipoinua sahani ya mizani tukakuta udongo umeganda chini yake. Magunia ya asubuhi yote yalipimwa upya, mengine yakiwa yameshapakiwa. Nilimwomba mama yule radhi mbele ya watu, na nilistahili kuomba.

Fanya hivi

Mfanyabiashara, kila asubuhi futa sahani, rudisha mshale kwenye sifuri, kisha pima jiwe la mizani unalolijua. Hakikisha mizani yako imekaguliwa na Wakala wa Vipimo.

Mkulima, ukibadili dawa, usitumie kizibo cha chupa ya zamani kama kipimo. Soma lebo upya, maana dawa mpya inaweza kuwa kali kuliko ile uliyoizoea, kama baruti ya Vieille. Osha bomba siku hiyohiyo, na usiache dawa ndani yake.

Mwenye mashine ya alizeti, safisha mbegu kabla ya kukamua. Mchanga hula chuma polepole, nawe utaulaumu msimu.

Na wewe ndugu yangu mwenye nguruwe pori, piga simu tupange mitego na ulinzi wa zamu na majirani. Mashine ile iache hukohuko kwenye video. Kazi njema.