Mkondo wa kalsiamu

Mkondo wa kalsiamu ni umeme unaopita kwenye utando wa seli pale ioni za kalsiamu, yaani atomi zake zenye chaji, zinapoingia ndani. Kwa kuwa kinachopimwa ni chaji, istilahi inayofaa ni “mkondo”, ileile tunayoitumia katika fizikia kwa umeme wa nyaya. Katika seli moja ya misuli ya moyo mkondo huu ni mdogo mno: hupimwa kwa sehemu za bilioni za ampea.

Udogo huo usitudanganye. Mwaka 1883, jijini London, daktari Sydney Ringer alionyesha kwamba moyo wa chura uliotolewa mwilini hudunda vizuri katika maji ya chumvi yaliyotengenezwa kwa maji ya bomba, lakini katika maji yaliyokenekwa mapigo yake hufifia. Alipotia kalsiamu kidogo, mapigo yalirudi. Mkondo wenyewe ulikuja kuchunguzwa baadaye, Harald Reuter alipoandika mwaka 1967 kuhusu nyuzi za Purkinje, zinazosambaza umeme moyoni.

Nje ya seli iliyotulia, kalsiamu huru huwa takriban mara 10,000 ya ile iliyo ndani. Wimbi la umeme likifika, njia za kalsiamu kwenye utando hufunguka kwa sehemu ndogo ya sekunde na ioni huingia. Hizo chache huchochea ghala la ndani ya seli limwage kalsiamu nyingi zaidi, na hapo nyuzi za protini, aktini na miosini, huvutana, moyo ukasinyaa. Ili ulegee, kalsiamu lazima iondolewe. Katika panya karibu asilimia 90 hurudishwa ghalani. Katika sungura ni karibu asilimia 70, na sehemu kubwa ya iliyobaki hutolewa nje kwa kubadilishana na sodiamu. Chura ana ghala dhaifu, hivyo moyo wake hutegemea zaidi kalsiamu inayoingia kutoka nje ya seli.

Basi tusichanganye mambo matatu: mkondo ni mwendo wa chaji, njia ni protini inayoupitisha, na kiwango ni wingi wa kalsiamu mahali fulani. Tukiyachanganya, anayeumia ni mgonjwa. Dawa za amlodipini na verapamili zikiitwa “vizuia kalsiamu”, mtu wa shinikizo la damu anaweza kudhani kalsiamu ni sumu kwake, akaacha maziwa na dagaa. Dawa hizi haziondoi kalsiamu mwilini; hupunguza kufunguka kwa njia zake. Verapamili hupunguza kasi na nguvu ya moyo, na amlodipini hulegeza zaidi mishipa ya damu. Ziitwe “vizuia njia za kalsiamu”. Neno moja likiongezwa, mgonjwa anaambiwa ukweli kuhusu kidonge anachokimeza kila siku.